Shuka la Bogumila

Shuka hili bibi alilifuma mwenyewe,
zamu ya usiku, kiwanda cha pamba, Łódź,
dohani ilipokuwa ingali inatema moshi.
Kila Juni alilitundika roshani, ghorofa ya nne,
kwa vibanio vinane, balbu moja nyuma yake,
akakaa kigodani, daftari gotini,
kama karani wa forodha anayengoja meli.

Na walikuja.
Wenye manyoya ya kijivu mabegani,
wenye macho ya uongo mbawani,
mmoja wa kijani kama kabichi changa,
mwingine aliyejikunja akawa kijiti kilichovunjika.
Nilikuwa na miaka saba. Yeye alitaja, mimi niliandika,
na majina aliyoyasahau aliyabuni:
Mjane wa Ngazini. Padri Aliyechelewa. Vumbi la Mkate.
Usiku mmoja tulifika aina themanini na tatu,
tukaacha, si kwa kuwa wamekwisha.
Penseli ndiyo iliyokwisha.

Sasa mimi ni fundi umeme.
Kiwanda kimekuwa nyumba za watu wenye mbwa wadogo,
na taa za ukutani, mia mbili na kumi,
nyeupe kama meno ya bandia,
nilizifunga mimi, kwa mikono hii.
Mtaa mzima ukang'aa. Nililipwa vizuri.
Nikamnunulia bibi jokofu.

Taa zinawasha kuliko viwavi.
Shuka limebaki shuka.
Juzi: mbu, mbu, mende mmoja aliyepanda na bomba la maji,
na nondo wa kabatini, yule yule mla sufu,
anayeishi popote anapoishi mtu.
Hawa wako kila mji, alisema bibi,
kama maduka ya kahawa.
Hakunilaumu. Aliuliza tu
kama taa ile ya pembeni ina swichi.
Haina. Inajiwasha yenyewe, kwa saa.

Bustani mpya? Nyasi zimenyolewa kama kuruti.
Maua yameletwa kwa lori, hayana hata vidukari.

Ila nyuma ya karakana ya tramu kuna kipande
ambacho kwa miaka ishirini hakuna aliyekitaka:
reli zenye kutu, mbigili, upupu wa kufika kiunoni,
kochi lililotupwa, limeota uyoga.
Nilimbeba bibi mgongoni kuvuka mataruma,
miguu yake myepesi kama vibanio.
Tukafunga shuka kati ya nguzo mbili,
betri ya gari langu ikaiwasha balbu.

Dakika kumi, hakuna kitu.
Kisha shuka likaanza kufumwa upya.

Mbawakawa mweusi mwenye pembe. Bunzi mwembamba kama uzi.
Padri Aliyechelewa,
safari hii kwa miaka kumi na minne,
na bibi akamwamkia kama jirani aliyerudi kutoka hospitali.
Arobaini na moja, nikaandika. Arobaini na mbili.

Nilipogeuza mwanga kwenye nguzo ya kushoto
nikaona rangi nyekundu, mshale wa mpima ardhi, namba.
Namba ile naijua.
Imo kwenye zabuni iliyo juu ya meza yangu:
nitaje bei ya taa, kabla ya Ijumaa.

"Mbona umeacha?" akasema bibi.
"Yule wa kahawia, pale kwenye pindo,
umemwandika?"