Tawi

Darubini ni ya kuazima, ukanda wake umeungwa kwa uzi wa nyavu;
upande wa kushoto una ukungu, wa kulia unaona.
Nyevu hatumii kitu. Anatanguliza masikio,
kandambili mkononi,
mchanga usije ukamsema.

Saa kumi na mbili na robo, njia ya mirihi.
Andika: shorwe wanne, wagomvi.
Andika: hondohondo, sauti tu,
kama mtoto anayelilia uji.
Andika: mnana, kundi zima, juu sana.
"Hao hawakai," asema Nyevu, "wameshaaga kabla ya kubisha hodi."
Naandika. Kalamu inanivujia kidoleni.

Kijitoni yamebaki madimbwi matatu.
Mdiria kashuka; nimesikia chubwi, sikuona.
Nageuka: tawi latikisika,
na samaki mmoja hayupo tena duniani.
"Umeandika nini?"
"Tawi."
Akacheka hadi kororo wakakurupuka vichakani.

Mbele kidogo, waya.
Kitanzi kidogo, kimefungwa kwa ustadi, kimefunikwa jani.
Nyevu akachutama, akakitazama
kama mtu asomaye barua ya nyumbani.
"Fundo la Mwagandi," akasema. Kaka yake.
"Zamani mimi ndiye niliyemshikia tochi."
Hakukikata. Alikifungua taratibu, pindo kwa pindo,
waya akautia mfukoni, pamoja na njugu.

Hatukusema tena mpaka kwenye mchanga mwekundu,
pale msitu unapojifunga vifungo
na mtu hupita kwa magoti.
Akaninyooshea kidole. Sikuona.
Akanigeuza kichwa kwa viganja viwili, kama mama anayemnyoa mwana.
Majani makavu mawili, yamebanana.
Jani moja likafumbua jicho.

Bundi, hawazidi kimo cha kikombe,
mume na mke, bega kwa bega,
wakituvumilia.
Nilisahau kupumua. Nilisahau darubini.
Siafu alinikumbusha mguu.

Daftari lina safu ya mwisho: *Mahali hasa alipoonekana.*
Daftari hili hupita mikono mingi,
na si mikono yote najua ilikolala.
Nyevu akaweka kiganja juu ya ukurasa,
kiganja chenye harufu ya njugu na kutu.
Hakuniomba neno.

Mchana, ofisini Gede, karani Mjeni akapitisha rula mstari kwa mstari.
"Na hapa? Hii nini?"
Nikainama, nikasoma mwandiko wangu kama wa mtu mwingine.
"Tawi," nikamwambia.
"Lilitikisika."