Wasomaji wa Midomo

Vidole viwili vya Baba vilibaki kiwanda cha chuma,
katikati ya gia, Jumanne moja asubuhi.
Fidia ikaja Novemba, ikazaa sanduku:
mbao iliyong'arishwa, kioo kisichozidi sahani ya chai.
"Hivi hapa vidole vyangu," alisema, akilipangusa kwa kiwiko,
"mtavitazama kila Jumapili."

Mtaa wa Alma ukaja kwetu na viti vyake.
Bibi Pickup na kigoda cha jikoni,
Clifford Haworth na ndoo, akaipindua akaikalia,
mzee Tattersall na mto wa paka wake
(paka akaufuata mto).
Mama akavuta lile pazia zito la wakati wa vita;
adui aliondoka zamani, pazia likakosa kazi,
leo limeajiriwa tena.

Kwanza si kitu. Valvu zinapata moto polepole,
harufu ya vumbi linaloungua,
kisha theluji, kisha bwana mmoja
aliyebanwa shingo na tai ya kipepeo
akatutakia jioni njema.
"Nawe pia, mwanangu," akaitikia Bibi Pickup,
akaurekebisha mtandio wake, asije akamwona ovyo.

Akaja mama wa keki ya yai moja.
Likaja gurudumu la maji, likazunguka dakika tano
bila kusaga chochote.
Tukalitazama lote.

Kisha mchezo, moja kwa moja kutoka London:
nahodha, binti yake, barua mezani.
Binti akafumbua mdomo
na sauti ikakatika.

Baba akalipiga sanduku kofi la vidole vitatu.
Wapi.

Kimya kingi kina mshindo, lakini mshindo wake
unawataka wenye macho yake.
Mama, Edna Haworth, Bibi Pickup:
miaka ishirini kati ya mitambo ya kufuma mia tatu,
mahali ambapo ukipiga yowe hujisikii mwenyewe,
ambapo posa na msiba na bei ya viazi
husemwa kwa midomo mitupu, ikitanuka kama ya samaki.

"Anasema barua haijafika," alisema Mama.
"Haijafika wapi! Anasema *ameichoma*."
"Ameichoma, kweli. Mwongo mkubwa, mtazame."
Na wanaume, mabingwa wa kandanda na siasa,
wakawa watoto wa kunyonya:
Anasemaje? Edna, sasa anasemaje?

Nahodha akageuka nusu, akamnong'oneza binti.
Bibi Pickup akacheka hadi meno ya bandia yakamlegea.
"Amemwambia: *Nimesahau maneno, endelea wewe.*"
Na binti akaendelea.
Hata kope haikumcheza.
Uingereza nzima ilimwonea huruma baba mwenye huzuni;
sisi tu, chumba kimoja cha Burnley,
tulimjua mtu aliyepotelewa.

Sauti ikarudi na fidla zake,
na irabu za London, nyembamba kama vijiko vya fedha.
Mtu akasema gizani: "Izime, Wilf. Waache akina mama waseme."
Ikazimwa.

Mwisho, wimbo wa Malkia. Mzee Tattersall akasimama,
paka akaanguka.
Picha ikanywea ikawa nukta nyeupe,
nukta ikakataa kufa, ikakataa,
ikafa.
Viti vikarudi makwao, vikigonga milango njiani.

Mimi nilikuwa ngazini, mtu aliyelala tangu saa tatu.
Katika kioo cheusi nikamwona Mama,
mdogo, amepinda kidogo,
akimgeukia Baba, midomo ikitanuka bila pumzi.
Nikasoma. Maneno yangu ya kwanza yasiyo na sauti:
Vinauma bado?

Na Baba, safari hii, hakuuliza anasemaje.
Aliinama, akachomoa plagi.