Miezi Sita, Kasoro Minne

Barua ya Mfuko ilikuja imekunjwa mara tatu.
Niliisoma barazani, hapa Cheyo, bila miwani,
kisha kwa miwani,
kisha kwa kalamu.
Miezi ya utumishi: mia tatu na tisini.
Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea,
miaka thelathini na mitatu, kila mmoja na kumi na mbili yake.
Sita haimo.

"Wamekupunja?" Kalunde akauliza kutoka jikoni.
Ngoja, nikasema.
Redioni watu wanagombania kikokotoo;
mimi ugomvi wangu ni na tarakimu moja tu,
na bado sijaijua ni ipi.

Nilikuwa mpima mvua.
Kila siku saa tatu asubuhi nilichutama
nikamimina mvua ya jana kwenye chupa nyembamba,
jicho sawa na mstari wa maji,
si juu yake, si chini yake.
Tone likiwemo, liandike. Lisipokuwemo, andika sifuri.
Sifuri nayo ni kazi:
kuna miezi hapa Tabora sikuandika kitu kingine.

Kosa nililiona usiku, kwenye nakala ya fomu ya ajira.
Tarehe moja, mwezi wa kwanza, themanini na sita.
Ile moja ya mwezi niliivika kofia,
nikaifunga na mkanda kiunoni,
maringo ya kijana aliyepata kazi ya serikali.
Mtu wa kompyuta akaisoma saba.
Nimlaumu nani? Mwandiko ni wangu.

Nikaenda kituoni kuazima rejesta za mvua.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari langu lipo, mchwa wamekula pembe tu.
Nikabeba vitabu viwili.
Cha pili sikujua nakibebea nini.

Nyanjige, binti wa dirisha la tatu, alisogeza kikombe cha uji.
"Ushahidi, mzee?"
Nikafungua ukurasa: tarehe moja Januari,
milimita kumi na mbili nukta nne, sahihi yangu.
"Siku ya mwaka mpya ulikuwa kazini?"
Mwanangu, mvua haijui sikukuu.
Akacheka. Akaandika: miezi sita, irudishwe.

Ningeshukuru nikaondoka.
Lakini mkono ulishafungua kitabu cha pili,
Novemba tisini na saba,
na mwandiko ule ulilalia kushoto.
Wa Lusangija, aliyenishikia zamu.
Mvua kubwa kuliko zote za maisha yangu
aliipima yeye.
Mimi nilikuwa Ipole, likizo bila malipo,
namlisha mama uji kwa kijiko, upande wa mdomo uliobaki mzima.
Miezi minne, mpaka tukamzika.
Barua ya likizo haimo kwenye jalada.
Jaladani nipo kazini, nimechutama, nalowa.

"Hapa sikuwepo," nikasema.
Nyanjige akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.
"Mzee," akasema taratibu, "hilo sijakuuliza."
"Najua."
Kalamu yake ilikaa hewani
muda wa kutosha mtu kubadili mawazo.
Nilidhani nitayabadili.
Jicho likatafuta mstari wa maji, kwa mazoea tu.
Mia tatu tisini na sita, toa nne.

Kalunde hakugomba. Alipuliza jiko hadi likashika.
"Miezi minne ya mama yako," akasema,
"tumeilipa mara mbili."
Sikuwa na jibu, na sasa pia sina.

Fedha walisema siku tisini; leo ni ya mia na nne.
Ila barua mpya imefika.
Asubuhi nilimkuta nayo barazani, miwani yangu usoni mwake,
anahesabu kwa vidole,
anaanza upya, midomo ikicheza.
"Iko sawa," akasema hatimaye,
kama mtu aliyeomba isiwe.