Hesabu ya Foleni

Mwaka ule mawingu yalipoipita Dodoma bila kutua
alikuja kwenye kioski changu cha maji, Chang'ombe,
karani wa serikali ya kwao, huko magharibi mwa bara,
shati la mifuko minne, kalamu katika kila mfuko.
Yendubu Lare. Alilitamka jina lake polepole
kama mtu anayerudisha chenji.

Ametumwa kujifunza, alisema,
namna ya kuhamisha makao makuu kutoka pwani hadi pakavu.
Chuo cha Mipango kilimpa ramani.
Mimi nilimpa kigoda.

Akahesabu ndoo. Asubuhi mia mbili na sita,
jioni tisini, na dumu la mlevi lisilo na kifuniko.
Siku ya nne nikachoka naye:
Bwana Karani, unahesabu kisichotuuma.
Ndoo mwisho hujaa. Hesabu foleni.
Mhesabu mama Nyemo, saa kumi alfajiri, mtoto mgongoni,
uwele haujasagwa.
Akaufuta ukurasa wote kwa mstari mmoja.

Alikula mlenda kwangu, ukamponyoka vidoleni,
akacheka hadi machozi.
Akapanda treni na deni langu la ndoo tatu.

Zikaja postikadi mbili.
Ya kwanza: amekuwa mkuu wa wilaya, mbuzi wangu hawajambo?
Ya pili: katibu mkuu wa wizara. Imepigwa chapa,
mbuzi hawamo.

Kisha kimya, miaka ya kuoza bati.

Halafu redio, usiku, katikati ya mikwaruzo:
waziri mkuu.
Hakugombea, walisema. Aliteuliwa
kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kila faili lilipo.
Na siku ya kwanza, mawaziri wamevaa suti mpya,
aliwauliza: watu wenu husimama saa ngapi bombani?
Nikazima kibatari,
nikakaa na swali lile gizani, kama mgeni wangu.

Miezi kumi na minne.
Kuondolewa kwake hata sikukusikia redioni.
Nilisimuliwa na mwanamke aliye mbele yangu:
aliingia kwa karatasi, ametoka kwa karatasi.
Pampu ya Mzakwe ilikuwa imekufa siku hiyo,
na mimi mwenye kioski, na ndoo yangu,
nilikuwa mtaa wa pili,
wa arobaini na moja.