Sekunde Nne za Giza

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
wodi ya kusafishia damu, ghorofa ya pili, mjini Brno.
Viti vitano vinatazama ukuta,
ukutani televisheni moja, rimoti yake imefungwa kwa bandeji
kwenye mkono wa kiti cha Bohumil.
Damu yetu hutoka, ikazunguka mashineni,
ikarudi imeoga.
Kazi hiyo ni ya saa nne kamili. Mtu atafanya nini?
Tunatazama "Nyuma ya Zohali".

Basi sikilizeni sehemu ya kumi na moja.
Nahodha Ilvane yuko peke yake angani, mwaka wa sita sasa.
Dunia ilinyamaza zamani, redio ni mchanga mtupu.
Ghafla, hodi mlango wa nje. Mara tatu.
Kisha sauti ya kaka yake: "Fungua, nimeleta supu."
Anacheka. Analia. Anaweka kiganja kwenye kitasa.
Skrini ikawa nyeusi.
Sekunde nne, Kryštof amezihesabu,
na ndani ya giza lile sauti moja ndogo:
fsss.
Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Amefungua," alisema Bohumil.
"Miaka thelathini na moja nimeendesha tramu,
mlango haunidanganyi. Huo ni mpira ukiachana na mpira."
Bi Ludmila, aliyefundisha kwaya hadi figo zikamstaafisha,
akatikisa kichwa polepole, asije akang'oa sindano:
"Mlango gani? Hiyo ni pumzi.
Mtu huvuta hivyo kabla ya kuimba,
au kabla ya kusema hapana."
Kryštof, miaka kumi na tisa, ubishi umemjaa kuliko maji:
"Tazameni glavu! Ni ya kushoto.
Mkono wa kushoto aliupoteza sehemu ya sita.
Anaota, na nyinyi mnabishana na ndoto."
"Aliupoteza wa kulia."
"Wa kushoto!"
"Wa kulia. Mimi nilikuwa macho, wewe ulikuwa unatapika."
Nesi Radka, akinipima presha:
"Fedha ziliwaishia, wakazima taa. Basi."
Tukamzomea, kwa mara ya kwanza tukiwa kitu kimoja.

Mimi waliponiuliza nikasema sijui.
"Sijui si jibu," akaniambia Bohumil,
"ni kujificha nyuma ya pazia, miguu nje."
Wiki tatu tuliipika hoja ile ikaungua,
tukala ukoko wake.
Na supu, kwani, supu gani huko angani?
Ludmila akadai ni kumbukumbu ya utoto.
Mimi niliwaza chumvi tu. Mwaka wa pili huu sijaionja sawasawa.

Alhamisi moja kiti cha Bohumil kilikuwa kitupu.
Shuka limenyooshwa. Rimoti ipo, bandeji ipo.
Chini, ndara zake, moja imepinduka.
"Radka, yuko wapi?"
"Aliitwa usiku," akasema, akaigeukia mashine;
sheria haimruhusu kuongeza neno.

Aliitwa.
Kryštof akaanza: kuitwa ni simu, simu ni figo mpya,
na mwenye figo mpya hukimbia bila ndara.
Ludmila: "Ndara ni za hapa, zingebaki kwa vyovyote.
Hamkusikia alivyolisema? Alivuta pumzi kwanza."
"Iliyopinduka ni ya kushoto," nikasema,
sijui kwa nini nilisema,
na sote tukaitazama kama shahidi aliyekula kiapo.

Nikajinyoosha hadi mirija ikakaza,
nikaifikia rimoti, nikairudia ile ya kumi na moja.
Hodi. Supu. Kiganja. Giza.
Fsss.
Chini ya dirisha tramu ilikuwa imesimama,
milango yake ikafunguka papo hapo,
hatukujua tumesikia upi.

"Rudisha," akasema Ludmila.
Nikarudisha.