Jozi Arobaini

Dada yangu Nunziata alibandika nyayo za viatu
chini ya ardhi, mtaa wa Sanita, Napoli.
Gundi ilikaa katika kopo la nyanya.
Taa moja. Dirisha limezibwa kwa magazeti
majirani wasisikie harufu.

Harufu yenyewe haikuwa mbaya, hilo niliseme.
Tamu, kama ganda la chungwa lililodondokewa petroli,
na ikifika saa nne wasichana walicheka
bila mtu kutoa mzaha.
Don Sabatino aliwaletea maziwa, bilauri kwa kila mmoja:
"Kunyweni, maziwa huosha kifua."
Kisha akahesabu. Jozi arobaini, ama hakuna ujira.
Maziwa aliyakata kwenye ujira huo.

Vilianza vidole vya miguu kufa ganzi.
Akasema ni baridi ya sakafu, akavaa soksi mbili.
Jioni moja kiatu kilimvuka njiani
asijue;
mama ndiye aliyeona damu kwenye ngazi,
tone, tone, hadi mlangoni petu.

Nilikuwa nikimjua kwa mwendo wake.
Sasa zikapanda hatua nisizozijua,
pa, pa, wayo ukianguka juu ya jiwe
kama samaki anayetupwa mezani,
nikadhani mgeni.

Daktari aligonga goti kwa nyundo ya mpira.
Goti halikuitika.
Akagonga tena, mtu abishaye hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
"Unafanya kazi gani, binti?"
Nunziata akatazama mlango kwanza.
"Niko nyumbani tu. Nafuma."
Na kucha zake zote kumi zina gundi.

Mvaa kiatu, husemwa, ndiye ajuaye kinapombana.
Mwulizeni dada yangu,
aliyewavisha mabibi harusi wa nusu ya mji.

Jumatatu Don Sabatino alimtuma mtoto wa dukani
kuuliza kama mikono yangu ni myepesi.
Nina miaka kumi na minne.
Mama hakujibu. Alikuwa amechuchumaa,
miguu ya Nunziata ndani ya karai, mvuke ukipanda.
"Yana moto?" akauliza.
Dada hakuyatazama maji.
Aliutazama uso wa mama,
akiutafuta humo
moto.