Kibao Mlangoni

Siku ya kwanza niliandika jina la duka langu
kwa kidole kinachonuka gundi:
Ngozi ya Ziwa.
Mtambo wa kutafuta ukafikiri kidogo,
ukaniletea mafuta ya uso,
sabuni ya manjano, daktari wa chunusi wa Dar es Salaam.
Chini kabisa ukaniuliza kwa upole
kama nilimaanisha kitu kingine.

Sikumaanisha kitu kingine.
Nilimaanisha viatu hivi, ngozi ya sangara
niliyoifuata kiwandani Ilemela kwa ndoo,
nikaiparua magamba, nikailoweka kwenye gome la mgunga,
nikaitia rangi ya zambarau, nikaishona
hapa Bugarika, juu ya jiwe,
mahali ambapo hata mleta maji hupiga simu mara tatu:
"Mama Ngolo, nimefika kwenye jiwe lenye mbuzi,
sasa nishike kushoto au nipande?"

Lushinge, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyenijengea tovuti
kwa usiku nne. Malipo yake makubazi.
Akanieleza: huko kuna buibui.
Hawana miguu, hawana sumu,
wanatembea kutoka kiungo hadi kiungo,
wanasoma, wanakariri, wanarudi kumwambia bwana wao
nani yuko wapi.
Utando, mtandao: mama mmoja, alisema.

Nilicheka. Buibui nawajua.
Usubi unapopanda kutoka ziwani kama moshi
wao hutanda kwenye taa ya baraza
mpaka balbu ivae shela.
Kila asubuhi nachukua fagio.
Leo naambiwa niwasubiri.

Nikasubiri. Wiki ya pili
kijana mmoja wa Makoroboi, laptopu kwapani,
akaniahidi ukurasa wa kwanza, kesho saa nne,
elfu themanini, nusu mbele.
Nusu ikaenda mbele.
Haijageuka nyuma mpaka leo.

Wiki ya tatu Lushinge akaja na ramani,
kurasa zote sita zimepangwa kama nyumba za serikali,
akaipeleka mwenyewe kwa mwenye mtambo.
Akaenda pia kwa akina mama wa ushirika wa Kayenze;
tovuti yao ya dagaa ina miaka saba.
Akaomba watutaje, japo mstari mmoja.
"Buibui hulala kwao. Watavuka tu."

Kisha akafungua kitu huko ndani, akanyamaza.
Akajikuna shingo.
"Mama mdogo, usinipige."

Wakati wa ujenzi alibandika kibao mlangoni,
kwa lugha yao, wasije wakakuta matofali na vumbi:
buibui, msiingie.
Akasahau kukibandua.

Siku ishirini na mbili
walikuwa wanafika, wanasoma, wanageuka.
Wana adabu kuliko wageni wangu wengi.

Alikibandua kwa kidole kimoja.
Usiku wa pili akanionyesha nyayo:
saa nane na dakika kumi na moja, buibui mmoja,
kurasa sita, akaondoka bila kuuliza bei.
Asubuhi sikugusa fagio.

Jumamosi simu ikalia, namba ngeni, mama wa Kahama:
"Nimekupata mtandaoni. Haya mafuta yenu,
yanaondoa madoa?"

Nikavuta pumzi, nikavuta na kiti.
"Dada," nikamwambia, "unavaa namba ngapi?"